Nne za babu

Mvua zimeanza hapa Tabora, na kwangu mvua maana yake ni gundi. Stempu ambayo haijatumika bado ina gundi yake mgongoni. Ikipata unyevu inaganda kwenye ukurasa, na ukijaribu kuibandua umeiua. Kwa hiyo jana usiku umeme umekatika, mama watoto ameshalala, nilikaa mezani kwa mwanga wa simu nikibadilisha vile vifuko vidogo vya kunyonya maji, vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Mtaa mzima wananiwekea, na naamini wananicheka pia.

Mimi sikusanyi stempu mojamoja. Nakusanya zilizoshikana, mbili juu mbili chini, ambazo hazijaachana tangu zitoke kiwandani. Wenye ugonjwa huu tunaziita bloku. Za karne ya 19 ni adimu kwa sababu nyepesi tu: stempu ilitengenezwa ili ichanwe. Mtu alinunua moja, akailamba, akaibandika, barua ikaondoka. Nani alikuwa na haja ya kuziacha nne pamoja? Labda mwenye kifurushi kizito, au karani aliyebakiwa na karatasi siku toleo lilipobadilika.

Chukua ile ya kwanza kabisa, ya Uingereza, iliyotoka Mei 1840, nyeusi, ya peni moja, yenye sura ya Malkia Victoria. Karatasi moja ilibeba stempu 240, mistari 20 ya stempu 12, ili mstari mmoja uwe shilingi na karatasi nzima iwe pauni, kwa hesabu ya Waingereza ya enzi hizo. Haikuwa na vitobo vya kuchania. Ilikatwa kwa mkasi, na mkasi ukipinda kidogo jirani anaumia. Ninachokipenda ni zile herufi mbili kwenye pembe za chini: ya kwanza ni AA, ya mwisho ni TL. Hata zikitawanyika dunia nzima, kila moja inakumbuka ilikokuwa imekaa.

Bloku ya hizo sitaipata, labda niuze nyumba na shamba la tumbaku la shemeji. Vivyo hivyo zile za Uganda za 1895, ambazo mmisionari Ernest Millar alizipiga kwa taipureta, bei yake ikihesabiwa kwa kauri, zile simbi zilizotumika kama fedha. Nazitazama kwenye simu tu. Macho hayana pazia.

Zangu ni za huku kwetu. Zamani barua zilipanda mabegani mwa wapagazi. Mfuko wa barua za Livingstone uliotoka Zanzibar tarehe 1 Novemba 1870, Stanley aliukuta bado umelala hapa Unyanyembe mwaka uliofuata. Wajerumani walipokuja na posta yao hawakuhangaika kuchora stempu mpya. Walichukua za kwao, nyingine zenye tai katikati, na mwaka 1893 wakaanza kuzigonga chapa ya pesa, sarafu ndogo ya huku, juu ya pfennig, sarafu ndogo ya kwao. Mwaka 1896 wakaongeza na jina la koloni, limelala mshazari. Nyekundu ya pfennig 10 ikawa pesa 5. Rupia moja ilikuwa pesa 64, mpaka 1904 walipoleta heller, 100 kwa rupia. Pesa ikatoka, hela ikaingia. Midomoni mwetu zimebaki zote mbili, mifukoni hata moja haikai.

Babu yangu alikuwa na nne za pesa 5, nyekundu, zimeshikana, ndani ya daftari la madeni ya duka la baba yake. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Shuleni tulikuwa tunabadilishana stempu kwa gololi, na mimi sikuwa na gololi. Nilizichomoa, nikazikunja kwenye mstari wa vitobo, nikachana. Sauti yake ninayo mpaka leo, kama doti ya kanga inapogawanywa. Moja ilikwenda kwa gololi tatu. Moja niliibandika kwenye daftari langu kwa ugali. Mbili sijui zilipotelea wapi. Nilichojua wakati ule ni gololi.

Babu alipogundua hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alilishika lile daftari muda mrefu, akasema, "Mjukuu wangu, hawa walikuwa majirani kabla mimi sijazaliwa." Kisha akaniagiza maji ya kutawadha.

Mwaka 2019 nilinunua bloku ya aina hiyohiyo kwa muuzaji wa Ujerumani. Bei na nauli yake havikufika mbuzi mmoja. Imefika safi, vitobo vyote vizima, gundi inang'aa. Nimeiweka ukurasa wa kwanza, na kusema kweli naipita haraka.

Ninakokawia ni ukurasa wa nyuma, ilipo ile ya ugali. Mgongo una madoa, gundi hakuna, mnunuzi hawezi kuitolea hata nauli ya bodaboda. Nayo haina herufi za pembeni kama zile za Victoria, kwa hiyo haiwezi kusema ilikaa wapi. Imebakiwa na meno tu. Upande wa kulia, jino la tano kutoka juu ni fupi, nilipovuta vibaya. Maana yake mwenzake wa kulia, kama bado yupo, ana jino refu kupita mengine upande wa kushoto.

Basi kila nikiona pesa 5 nyekundu ya peke yake inauzwa mahali, naivuta picha mpaka iwe kubwa, nahesabu meno ya kushoto kutoka juu. Jana nimehesabu stempu kumi na moja kabla chaji haijaisha.