Zikifika ngapi

Jana jioni binti yangu alikuwa anakata ndimu za samaki. Ana miaka tisa sasa, na mama yake ameanza kumwachia kisu kidogo cha jikoni. Mimi nilikuwa nakuna nazi. Ndimu ya pili ilipopasuka harufu ikanifikia, nikaacha kukuna, nikatulia juu ya mbuzi na kifuu mkononi.

“Baba, unahesabu nini?”

Kumbe midomo ilikuwa inacheza.

“Pumzi.”

“Zikifika ngapi ndiyo unaacha?”

Nikamwambia zikifika kumi unarudi moja. Alinitazama, hakuridhika, akaendelea na ndimu zake. Usiku usingizi ulinikataa.

Mnaojua habari zangu za Bububu, hapa Unguja, mnajua kwa nini ndimu. Kwa wengine niseme tu kwamba sisi tuliokuwa tunajidunga unga, yaani heroini, ndimu kwetu haikuwa ya samaki peke yake, ilikuwa na kazi kwenye unga pia.

Ilikuwa 2012, siku yangu ya 41 katika nyumba ya upataji nafuu ya waraibu. Arosto, yale mateso ya mwili unapoacha unga, nilikuwa nimeshaivuka, wiki nzima ya kuumwa mifupa, kutapika, kuharisha na kutetemeka kwa baridi ndani ya joto la Unguja, huku wenzangu wakinipokezana kwa ndoo ya maji na taulo. Methadoni, dawa ya kunywa wanayopewa waraibu badala ya unga, ilikuwa imeanza kutolewa Muhimbili tangu Februari 2011, lakini huku kwetu ilikuwa bado, ilikuja hospitali ya Kidongo Chekundu mwaka 2015. Sisi tulikuwa na vidonge vya maumivu, uji na watu. Wengi wanadhani arosto ndiyo kazi yenyewe. Arosto ina mwisho. Hamu ndiyo inayokufuata sokoni, kazini, hata msikitini ukiwa umerukuu.

Siku hiyo zamu ya jikoni ilikuwa yangu na mwenzangu wa kitanda cha juu. Jina lake sitalitaja, mama yake bado yupo. Yeye alikuwa anapara samaki aina ya changu, mimi nikapewa ndimu. Ya kwanza nilikata bila neno. Ya pili maji yake yakanirukia mkononi, mara mate yakanijaa mdomoni, na hayakuwa mate ya njaa.

Geti lilikuwa wazi kwa sababu muuza kuni alikuwa anashusha mizigo yake. Mfukoni nilikuwa na shilingi 5,000 za kununulia nazi. Nilijua gari nitapandia wapi, nitashukia wapi, na maskani nitamuulizia nani. Sikumbuki kuamua chochote. Nakumbuka nimeshavaa kandambili na nimeshafika nusu ya uwanja.

“We kijana. Njoo.”

Alikuwa Ami, mlezi wetu, amekaa barazani kwenye mkeka. Sote tulimwita Ami, hata waliomzidi umri. Alikuwa na miaka minane bila unga. Hakuniuliza naenda wapi.

“Kaa.”

Nikakaa.

“Iko wapi?”

“Nini, Ami?”

“Hamu. Usinambie kichwani. Mwilini iko wapi?”

Nilitaka kumtukana. Nikasema iko kooni.

“Inafanyaje?”

“Inanikaba.”

“Iache ikabe. Usiisukume, usiibembeleze. Wewe pumua tu na uhesabu. Ukipotea, rudi moja.”

Moja. Mbili. Tatu. Ya nne nilikuwa nimeshafika maskani na hela nimeshatoa. Nikarudi moja. Moja, mbili, nikamwona mama anafungua kabati anatafuta kidani chake ambacho mimi ndiye niliyekiuza. Nikarudi moja. Kwenye sakafu, karibu na goti langu, sisimizi walikuwa wanaburuta gamba la samaki kubwa kuliko wao wote. Nikawatazama, nikahesabu, nikapotea tena.

Hamu ikahama. Ilitoka kooni ikashuka tumboni, ikazunguka huko kama mtu anayetafuta mlango, kisha ikaja kutua kwenye mkunjo wa mkono wa kushoto, pale penye makovu. Pakapata joto, kama mtu amenibandika kikombe cha chai. Pakawa panapiga. Nikapatazama. Kwa miaka sita sikuwahi kupatazama mahali pale ila nilipokuwa natafuta mshipa. Sasa nilikuwa natazama ngozi. Ngozi yangu, yenye mabaka meusi na nywele chache, inapanda na kushuka kidogo sana.

Muuza kuni akapokea chake, geti la bati likafungwa. Ule mlio tu ulitosha, hamu ikaniinukia upya kwa nguvu kuliko mwanzo, hadi masikio yakaziba.

“Imepanda?” Ami akauliza, bila kunitazama.

“Imepanda.”

“Basi itashuka.”

Jasho lilinitiririka hadi kiunoni. Nilihesabu, nikapotea, nikarudi. Katika muda wote ule nilifika kumi mara moja tu. Na ilivyoondoka sikuiona ikiondoka. Nilichogundua ni kwamba nina njaa. Harufu ya ndimu ilikuwa bado mikononi mwangu, na nilikuwa nawaza samaki. Saa ya ukutani ilinionyesha dakika 25 zimepita.

Nikarudi jikoni. Mwenzangu alikuwa amenimalizia ndimu zangu.

Baada ya Isha hamu ikarudi, nikakaa tena. Na kesho yake. Wiki chache baadaye ikawa utaratibu wa nyumba nzima, dakika kumi baada ya Alfajiri, kabla ya kikao cha asubuhi. Walikuwepo waliokuwa na wasiwasi. Mzee mmoja wa Makunduchi aliuliza waziwazi: hii ibada ya nani? Lilikuwa swali la haki na Ami hakulidharau. Alisema hatua ya 11 katika zile hatua 12 za kuacha uraibu tunazosoma kila siku inataja sala na tafakuri, na kwamba sura ya Aal Imran inawasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala, na wakatafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi. “Na kupumua,” akamwambia, “ulianza kabla hujaijua alifu.” Mzee akaja na tasbihi yake, akawa anahesabia hapo. Mpaka leo sijui kama jibu lile lilimtosha.

Miaka baadaye nilikuja kusoma habari za Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Seattle, Marekani, aliyewafundisha waraibu kuitazama hamu kama wimbi, ipande na ishuke wao wakiwa juu yake. Niliposoma nilicheka peke yangu kwa furaha, maana nilimsikia Ami. Sijui nani alimfundisha Ami. Nilichelewa kumuuliza, na sasa hayupo.

Lakini lililoninyima usingizi jana si hilo. Ni mwenzangu wa kitanda cha juu.

Yeye alikuwa anaweza. Mimi nilikuwa napotea kwenye nne, yeye anafika kumi, anarudi moja, anafika kumi tena, uso umetulia kama maji ya bwawani. Ami alikuwa akimweka mbele ili tumuige. Alimaliza miezi yake minne, akarudi mtaani kwao, chumba kilekile, baraza ileile, marafiki walewale wanampitia jioni. Aliteleza mara moja. Mwili uliokaa miezi bila unga huwa umekisahau kipimo chake cha zamani, na yeye alitumia kilekile. Walimkuta asubuhi.

Kwa hiyo vijana wanaponiandikia kuniuliza kama waache methadoni yao wanayopewa dirishani wakae wavute pumzi, nawajibu hapana, mdogo wangu, kunywa dawa yako, kisha kaa. Na mtafute mtu wa kukuita “njoo” ukiwa nusu ya uwanja. Siku ile ni pumzi iliyoniokoa, au ni Ami kuwepo barazani? Au mtu kunimalizia ndimu zangu? Nimejaribu kuvitenganisha vitu hivi kwa miaka mingi na sijaweza. Yeye naye alikuwa na pumzi. Baraza ya kwao ilikuwa na watu wengine.

Leo baada ya Alfajiri nilikaa kama kawaida. Nikasikia miguu, binti yangu akaja akakaa kwenye mkeka, goti lake limegusa langu, akaanza kuhesabu kwa sauti. Alipofika kumi hakurudi moja. Akaendelea, kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Nikaacha kuhesabu zangu, nikawa nazifuata zake.