Ukivuka mita 1,000 wote ni du

Kijerumani mi nimekiokota mlimani, napandisha wageni mwaka wa 9 huu, na kitu cha kwanza kuniaibisha ni hako kaneno du. Wenzetu wana wewe mbili, du ya mtu wako wa karibu na Sie ya heshima, sasa mi kwa kujiamini nikamuuliza mama mmoja mtu mzima asubuhi hotelini hapa Moshi "hast du gut geschlafen?", yaani umelala vizuri?, akanijibu vizuri tu ila ile Sie aliikazia mpaka nikajua nimeshaharibu. Ni kama umkute bibi yako kibarazani umpige "mambo vipi".

Tukapanda. Kambi ya kwanza, Mandara, tunakunywa chai na bisi, mama akaninyooshea mkono, akataja jina lake la kwanza, akasema huku juu tuitane du. Kumbe kwao Austria na Bavaria kuna usemi kwamba ukivuka mita 1,000 watu wote ni du. Nikapiga hesabu, Moshi mjini tupo chini ya 1,000, geti la Marangu ni zaidi ya 1,800, kwahiyo kosa langu lilikua la mwinuko tu, ningevumilia masaa mawili matatu lisingekuepo.

Wakati wa kuondoka akaniachia riwaya aliyokua anaisoma, ya miaka hii hii, na baadae nikaipata hiyo hiyo kwa Kingereza. Masika kazi hamna, nikawa nasoma zote mbili ukurasa kwa ukurasa. Kuna mwanamke na bosi wake wanaitana Sie kurasa 100 na ushee, halafu usiku mmoja kwenye ngazi jamaa anateleza, anasema du. Herufi mbili tu, nikakiweka kitabu chini kwanza. Nikakimbilia cha Kingereza, maana kule "you" ni moja, mfalme you, mbwa you, sasa mtafsiri katokaje? Kamfanya bosi amwite jina lake la kwanza. Nikarudi nyuma kuhakikisha, na kweli, kurasa zote zile alihakikisha bosi halitaji hata mara moja, kalitunza kwa ajili ya ngazi ile.

Toka siku hiyo kitabu naangalia jina la mtafsiri kwanza. 2024 Kairos ya Jenny Erpenbeck ilipochukua International Booker, tuzo ya vitabu vilivyotafsiriwa Kingereza, pauni 50,000 zikagawanywa nusu kwa nusu na mtafsiri wake Michael Hofmann, mshkaji kijiweni akashangaa, nusu nzima kwa kunakili? Nikamwambia njoo home nikupe ukurasa mmoja tu.

Na hapo sijagusa sei. Mjerumani akiripoti maneno ya mtu anabadili kitenzi, "er sei krank", yaani anaumwa kwa maelezo yake mwenyewe, mi simo. Kingereza inabidi wapachike "he said" kila baada ya hatua mbili. Mi nikafurahi, sisi si tuna eti! Eti anaumwa. Ila eti ina kicheko ndani yake bwana, ukishaitamka umeshamuumbua mtu, sei haimcheki yeyote, imekaa kimya tu. Gazeti la Kijerumani linamuandikia waziri sei na maisha yanaendelea, hebu we muandikie waziri eti uone. (Doch, kaneno kao ka kupinga au kusisitiza, ndo ilinipa raha, mara nyingi mbona inaibeba bila shida.)

Basi juzi nikajaribu ile ya ngazi kwa Kiswahili. Wewe tunayo moja kama Waingereza, ila heshima tunazo kibao, nikamfanya bosi amwite "dada" kitabu kizima, halafu pale kwenye ngazi dada ikaanguka nikaweka "we". Sio wewe, we. "We, subiri." Nikaona nimemaliza kazi, nikamsomea mama watoto yuko jikoni anachambua mchele.

Akaniuliza, sasa hapo anamtaka au anamgombeza?