Suke la mtama

Jana asubuhi nilikuwa soko la Kongowea nikimnunulia mamangu mtama wa uji. Muuzaji alikuwa na masuke machache kando, akanipa moja nilishike. Nikalitikisa. Hata punje moja haikudondoka!

Mwili ulinisisimka jamani. Mtama wa porini ukikauka hupukutika wenyewe. Huu wetu hung'ang'ania hadi upurwe, na hiyo ni kazi ya wakulima, msimu baada ya msimu. Mashariki mwa Sudan, wanaakiolojia walikuta vigae vya vyungu vya miaka zaidi ya 5,000, udongoni mna alama za makapi ya mtama ulioanza kugeuka hivyo. Mfinyanzi aliyachanganya kwenye udongo wake tu, basi.

Mamangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Lete nami nilitikise."