Zulia la shangazi ndani ya friza la samaki

Zulia lile lilikaa juu ya kabati la shangazi, pale Majengo, Moshi, tangu kabla sijazaliwa. Alilipata mwaka 1973, mashamba makubwa ya kahawa ya Kilimanjaro yalipotaifishwa na familia ya Kigiriki aliyokuwa akiwalelea watoto ikafungasha. Wenzake waligawiwa masufuria, mmoja baiskeli. Yeye akapewa zulia la sufu lililofumwa kwa mkono, jekundu, pindo lake rangi ya nili. Akalikunja mara nne, akalifunga kwa shuka, akazungushia nailoni, akalipandisha kabatini lisubiri mgeni mkubwa. Miaka arobaini ikapita. Hata mchungaji wa usharika alipokuja kuombea nyumba, alikanyaga saruji kama sisi.

Mwaka 2013 ikaletwa posa ya binamu yangu. Wakwe wangefika baada ya wiki tano. Shangazi akasema, "Lishusheni."

Tulilifungulia uani. Kitu cha kwanza kilichomwagika kilikuwa kama mchanga, kisha vifuko vyeupe vidogo mfano wa punje za mchele. Kila palipokunjwa, wekundu ulikuwa umetoweka na nyuzi nyeupe za pamba zimebaki uchi. Wakaruka vipepeo wawili wadogo wa rangi ya dhahabu iliyofifia. "Nondo!" shangazi akapiga kelele, akawafukuza kwa kanga. Mdogo wangu, ambaye ni fundi ujenzi, akatoka jikoni akiuliza ni nondo za milimita ngapi. Hakuna aliyecheka siku ile. Tulikuja kucheka baadaye sana.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kona moja ilikuwa na doa la kahawia, la maji yaliyovuja zamani kutoka darini. Nikiwa mjuaji wa nyumba, nikachanganya jiki na maji kidogo nikasugua. Doa likageuka njano. Nikaona dawa inafanya kazi, nikaongeza. Baada ya muda sufu ikaanza kuteleza chini ya vidole kama mlenda, na nilipoifuta ikaondoka na kitambaa. Palibaki tundu la ukubwa wa kiganja, ndani yake nyuzi za mtande, zile za pamba zilizoshikilia sufu, zimejipanga kama wavu wa dagaa. Shangazi alitazama, asiseme neno, akaenda kuchambua mchicha. Bora angenitukana.

Kesho yake nilibeba zulia hadi kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, niliyesikia kwamba baba yake aliuza mazulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Usinionyeshe uso, nionyeshe mgongo."

Akaligeuza, akapitisha kidole juu ya vifundo kama mtu anayesoma, akafika kwenye tundu langu.

"Hii ni kitu gani?"

"Zulia, mzee."

"Hizi nywele. Nywele za kondoo. Wewe kichwa chako unafua na jiki?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sufu ni nywele, na jiki huyeyusha nywele. Pamba ni mmea, haiyeyuki hivyo, ndiyo maana mtande ulibaki. Nondo nao ni hivyo hivyo: wanakula nywele, manyoya, sufu, pamba tupu wanaiacha. (Msichanganye na sufi, ile ya kwenye mito, inayotoka kwenye mti. Nimeshabishana na watu wazima kuhusu herufi hiyo moja.) Tena wale vipepeo aliokuwa akiwafukuza shangazi hawali kitu chochote. Walaji ni mabuu yao, na mabuu wanapenda mahali penye giza na utulivu, ambapo hapaguswi, hasa kama sufu ina jasho la miguu au chakula kilichomwagika zamani. Vidonge vya naftalini alivyoweka shangazi vilikuwa vimekwisha hewani miaka mingi, harufu na vyote. Kwa kifupi, alikuwa amewajengea nyumba, akawawekea na mlango wa nailoni.

Nikauliza kuhusu kufua. Mzee akachovya kitambaa cheupe majini, akakamua, akakibana juu ya wekundu kwa dakika chache. Kikatoka na rangi ya waridi. "Ukiloweka, pindo yote itakuwa nyekundu. Maji usiguse. Tafuta friza, baridi iue mabuu."

Friza lililotosha lilikuwa la jirani anayeuza samaki. Zulia tulilipiga brashi taratibu, mgongo kwanza, mchanga ukadondoka hadi tukashangaa. Mzee alikuwa ametuambia mchanga ule hukata sufu chini kila unapokanyagwa. Tukaliviringisha bila kulikunja, tukalifunga nailoni nzito, tukabana hewa yote kwa magoti, tukaziba kwa selotepu. Jirani akahamisha sato upande mmoja. "Wiki mbili tu," nikamwambia, "nyuzi kumi na nane chini ya sifuri."

Siku ya tisa umeme ukakatika usiku kucha. Jirani alilia na samaki wake, mimi na mabuu yangu, ambayo labda yalikuwa yanazinduka. Tukaanza kuhesabu upya kutoka siku ya kwanza. Lilipotoka, tuliliacha siku nzima ndani ya nailoni, unyevu ujikusanye nje na usiingie kwenye sufu. Kuliacha hivyo ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote, kwa sababu shangazi alikuwa anazunguka na mkasi.

Wakwe walikuja Jumamosi. Tuliweka stuli juu ya tundu langu. Mshenga alipoona rangi ile akasimama mlangoni, akaanza kuvua viatu. Shangazi akamshika mkono.

"Kanyaga baba, kanyaga."

Halikurudi kabatini. Kila mwezi linageuzwa na kupigwa brashi, na mara moja kwa mwaka tunabadilisha upande unaopigwa na jua la dirishani. Shangazi anadai masika yakianza linanuka sato. Mimi nimeinama nikanusa mara nyingi, sijasikia kitu.