Karafuu Ndani ya Waridi

Mwaka 2014 nilishinda siku nzima nikiwa nimepaka manukato mawili ya waridi, yenye viungo mkono wa kulia na yasiyo na viungo mkono wa kushoto, kwa sababu ya neno nililolisema kwa haraka asubuhi ya siku ile.

Aliyeyatengeneza alikuwa mzee aliyefanya kazi yake peke yake, asiyetegemea kampuni yoyote kubwa. Yeye mwenyewe alichagua mafuta, akayapima kwenye mizani tone kwa tone, akayaacha wiki kadhaa yatulie ndani ya spiriti, kisha akabandika lebo kwa mkono wake. Aliponinusisha manukato yake mapya, nilimwambia kwamba karafuu imelifunika waridi na kwamba ningependa waridi tupu.

Hakubishana nami. Alitoa kichupa kidogo cha mafuta halisi ya waridi, ambayo yalikuwa yameganda kwa baridi, akakifumbata viganjani mpaka yakayeyuka. Wakati tukisubiri, alinieleza kwamba mafuta yale hukenekwa kwa mvuke kutokana na waridi la Damasko, linalolimwa zaidi Bulgaria na Uturuki, na kwamba maua huchumwa alfajiri, kwa kuwa jua likishapanda harufu huanza kupotea. Kilo 1 ya mafuta huhitaji tani 3 hadi 5 za maua. Baada ya kusikia hayo nilikitazama kichupa kile kwa heshima.

Kisha alichovya kipande cha karatasi, akaniambia, "Nusa polepole, mwanangu, halafu uniambie unakuta nini." Nilikuta asali, nikakuta ubichi wa majani, na chini yake, bila shaka yoyote, nikakuta karafuu. Nilidhani karatasi imechafuka. Akanifahamisha kwamba yujenoli, kemikali inayoipa karafuu harufu yake, imo pia ndani ya mafuta ya waridi, ingawa kwa kiasi kidogo. Alichokifanya yeye ni kukiongeza kitu ambacho ua lilikuwa nacho tayari. Wala hakukiongeza ovyo, kwa kuwa yujenoli huweza kuleta mzio wa ngozi, na shirika la kimataifa la manukato, IFRA, limeiwekea kikomo. Kilichonikera asubuhi ile kilikuwa kidogo sana.

Kwenye rafu mzee yule alikuwa na jaribio lake la awali, lisilo na karafuu, iliki wala pilipili manga. Alinipaka yote mawili, akaniomba nisitoe hukumu kabla ya jioni.

Saa ya kwanza mkono wa kushoto ulinifurahisha zaidi, nami nikaamini kwamba nilikuwa nimesema kweli. Ilipofika adhuhuri waridi lile tupu lilikuwa limebaki na harufu ya sabuni iliyokauka, safi lakini isiyo na kina. Mkono wa kulia ulikuwa umebadilika kwa namna ambayo sikuitarajia. Iliki na pilipili manga, ambazo huruka upesi, zilikuwa zimekwenda zake, na ile karafuu niliyoilaumu ilikuwa imezama ndani ya waridi hata nisiweze tena kuonyesha moja linaishia wapi na jingine linaanzia wapi. Lilikuwa waridi jekundu, zito, lenye joto, na nyuma yake ulisikika msandali kwa mbali. Nilijikuta nikiuinua mkono ule puani kila baada ya dakika chache, nikiwa kazini, mbele ya watu, bila kuona haya.

Jioni nilirudi nikamkuta bado yuko mezani. Sikusema neno, nilimnyooshea mkono wa kulia. Aliunusa, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaichukua chupa yenye viungo na kuanza kuniandikia lebo.