Kimeo kumbe kwa Kilatini ni "kizabibu": nilivyomwokoa mwanangu asikatwe

Mwanangu ana miaka minne, alikohoa wiki tatu mfululizo hasa usiku, afu hapa mtaani Kirumba kila jirani jibu lake moja tu, huyo kimeo, kale kanyama ka kooni, kimerefuka mpeleke akakatwe. Mama mkwe ndo alishikilia kabisa, kuna mzee anamjua anakata kwa kiwembe, na mi kusema ukweli nilishakubali, mtoto anakohoa mpaka anatapika utafanyaje.

Nikasema ngoja kwanza wamsikilize kifua. Daktari akamwambia sema aaa, akamulika, akaniita na mimi nione, kale kanyama kananing'inia kekundu kamevimba. Akasema sisi tunaita kimeo, wengine kimio au kidakatonge, wao vitabuni wanaita uvula, ni Kilatini, uva ni zabibu kwahiyo uvula ni kizabibu, na Wagiriki wa zamani nao walikaita kwa jina la kichala cha zabibu. Nikachungulia tena, jamani kweli, kama zile nyekundu za Dodoma! Akaniambia wale wa zamani walikuwa wanakaona kamevimba hivihivi ndo wakakapa hilo jina, kuvimba ni dalili, kikohozi kina chanzo chake kwingine, na ukikata kuna damu, kuna pepopunda, kuna virusi kama kiwembe kimeshapita kwa mwingine.

Alipimwa na TB maana kikohozi kikizidi wiki mbili lazima, hakuwa nayo. Chanzo ilikuwa moshi, mi nakaanga samaki kwa kuni na mtoto anashinda pembeni yangu.

Nyumbani sikutaka kubishana na mkwe. Nikamuuliza tu, mama, kidakatonge wazee walikiita hivyo kwanini? Akasema si kinadaka tonge. Nikamwambia ndo hivyo hata daktari kasema, ukimeza kinapanda pamoja na kaakaa laini kinaziba njia ya puani chakula kisipande huko, sasa tukikata mama nani atadaka? Akanyamaza muda mrefu, mwisho akasema haya, tungoje kwanza.

Jiko nimelihamishia nyuma kabisa ya nyumba, mtoto anabaki na bibi yake. Juzi nimemkuta bibi anamulika mdomo wa mjukuu kwa tochi ya simu, akaniita, "Mama Kulwa njoo uone, kizabibu kimesinyaa."