Feni Iliyokataa Kuvuma Mazeras

Msimu ule wa joto la kaskazi, lori lile lilikuwa likifika kilima cha Mazeras, nje ya Mombasa, linachemsha. Kwenye foleni ya Changamwe halikuwa na neno, tambarare ya Miritini halikuwa na neno, na likiachwa linanguruma gerejini mshale wa joto ulitulia katikati. Lakini likipakiwa kontena na kuanza kupanda kwa gia nzito, mshale nao ulipanda. Dalili hiyo humwelekeza fundi kwenye feni, kwa sababu kilimani injini inatoa joto lake lote huku gari likienda polepole, upepo wa mbele haupo, na hewa yote ya kupoza rejeta inategemea feni.

Lilipofika kwetu Jomvu lilikuwa limeshabadilishwa wota pampu, mfuniko wa rejeta na habu ya feni, ile ya mafuta ya silikoni inayoishika feni au kuiacha iteleze. Themostati, valvu inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta yakipata joto, ilikuwa imeng'olewa kabisa, jambo wanalolipenda mafundi wengi na mimi silipendi hata kidogo. Katika injini nyingi kubwa za dizeli, themostati inapofunguka huziba pia njia ya mkato. Ukiiondoa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Tulitia mpya, baada ya kuichemsha kwenye sufuria pamoja na kipimajoto na kuiona ikianza kufunguka nyuzi 82.

"Ami, habu hii haina hata mwezi," dereva akasema. "Msije mkaniambia ninunue nyingine."

Tuliikagua hata hivyo. Haikuwa na michirizi ya mafuta yaliyoshika vumbi, beringi haikucheza, na tulipozima injini ya moto na kusukuma panga la feni kwa mkono, lilizunguka kwa uzito. Habu iliyokwisha mafuta huachia panga lizunguke ovyo. Mkanda ulikuwa umekaza vizuri na kava ya feni ilikuwa nzima.

Basi tukapima. Tulibandika karatasi ya kung'aa kwenye panga moja ili takometa ya mwanga isome mizunguko, tukafunga waya wa kipimajoto kwenye kava, ncha yake ikiwa kati ya rejeta na habu, mbali na mapanga. Mbele tukaziba kwa kadibodi ili joto lipande. Injini ikawekwa kwenye mizunguko 1,800 kwa dakika. Maji yalipofika nyuzi 97, feni ilikuwa bado inazunguka 600 tu, inateleza. Ila hewa iliyofika kwenye habu ilikuwa nyuzi 52.

Hapo ndipo jambo lilipokaa. Habu ya namna hii haijui chochote kuhusu maji. Usoni ina koili ya metali mbili zilizogandamana, nayo hujipinda kwa joto la hewa inayotoka kwenye rejeta. Ikijipinda hufungua tundu, silikoni inaingia chemba ya kazi, na feni inashikwa. Nyingi husubiri hewa ifike nyuzi 60 hadi 80. Kwa nyuzi 52, habu hii ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Ili kuondoa shaka tulizima injini, tukaipasha koili kwa blowa ya joto, tukawasha tena. Feni ikavuma gereji nzima, takometa ikasoma 1,650. Baada ya muda mfupi koili ikapoa kwa hewa ileile baridi, na mizunguko ikashuka.

Kwa hiyo swali likawa: mbona katikati ya rejeta kuna ubaridi? Tulipitisha kipimajoto cha miale usoni mwake, tukilenga penye rangi nyeusi, maana shaba tupu inayong'aa hudanganya kipimo hicho. Pembeni nyuzi 88. Katikati, mkabala na habu, mkanda wa upana wa kiganja ulioshuka kutoka juu hadi chini, nyuzi 49. Maji yalikuwa hayapiti pale.

Fundi wa rejeta alipoyeyusha risasi ya kulehemu na kutoa tanki la juu, midomo ya mirija ya katikati ilikuwa imezibwa kwa risasi. Ndipo tajiri wa lori akakumbuka: zamani mpira wa kushikilia injini ulikatika, feni ikakwaruza rejeta, na fundi mmoja akaziba mirija iliyovuja badala ya kubadili kiini cha rejeta, yaani mirija yote na mapezi yake. Kuziba mirija michache pembeni lori lingevumilia. Kuiziba mbele ya habu ni kuifumba macho. Na tanki la chini lilikuwa na ukoko mweupe, kwa kuwa utingo alizoea kuongeza maji ya kisima, na visima vingi vya Mombasa vina chumvi.

Kiini kipya kikawekwa, mfumo ukaoshwa, tukajaza maji yaliyosafishwa na dawa ya rejeta nusu kwa nusu. Tulipopanda Mazeras na mzigo, feni ilivuma mshale ulipokaribia 93, ukarudi hadi 87, ikanyamaza. Dereva akauliza kama duka litapokea ile habu mpya na kumrudishia pesa. Ilikuwa imeshafungwa garini, hawakuipokea, na ile ya kwanza ilikuwa imeshauzwa skrepa.